SOMO LETU: CHETI CHA DAKTARI NA MSHAHARA WA MGONJWA



Masomo yetu yaliyopita yalikuwa ya shambani: kupalilia, kuanika, na kuzitenga karafuu na makonyo. Leo twaomba ruhusa yenu tutoke shambani kidogo, tuvuke maji twende bara, tena mbali, mpaka Kiberege katika bonde la Kilombero. Huenda mtu akauliza, mwenye mikarafuu kisiwani ana haja gani na Kiberege? Jawabu ni kwamba mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Ukija mwaka wa mavuno makubwa, watoto wetu tunao wote majumbani. Ukija mwaka mkavu, vijana huvuka. Wako waendao Unguja mjini, wako waendao Dar es Salaam, na wako wanaofuata miwa na mpunga wa Kilombero, ambako mtu mwenye nguvu na asiye mvivu hakosi kazi.

Na kijana akiwa katika kazi ya watu hukutana na jambo ambalo sisi tuliokulia chini ya mikarafuu hatukulizoea. Huku kwetu mtu akiumwa, jirani humwona, imamu huuliza habari yake msikitini, na kazi yake hungoja. Kule haitoshi kuwa mgonjwa. Hana budi awe na karatasi inayosema kwamba ni mgonjwa, tena karatasi hiyo iwe imeandikwa na anayestahiki kuiandika, na iwe imefika inakotakiwa kwa wakati wake. Karatasi hii kwa Kiswahili cha vitabu ni cheti cha daktari. Vijana wenyewe huiita ED, na ukiwaambia neno jingine huenda wasikufahamu.

Tumeamua kuliandika somo hili baada ya kisa cha mtoto wa mwanachama mwenzetu. Jina lake hatulitaji, wala la mwajiri wake, kwa kuwa mambo yao yamekwisha kwa mapatano. Baba yake ameturuhusu tuwasimulieni.

KIJANA WETU WA KIBEREGE

Kiberege ni kati ya Mang'ula na Ifakara, Mkoa wa Morogoro. Ukienda kutoka Kidatu, milima ya Udzungwa unaiacha mkono wa kulia na bonde linakufungukia mkono wa kushoto. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, inapita bonde lile lile. Magereza wana shamba lao kubwa pale. Ni nchi ya maji na rutuba. Ukiona mpunga wake utadhani ni bahari iliyogeuka rangi. Lakini penye maji hayo pana mbu, na mbu wa Kilombero si wa kufanyiwa mzaha. Si bure kwamba mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, aliichagua Ifakara kuweka maabara yake mwaka 1957, ambayo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana leo duniani kwa utafiti wa malaria.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalifikiri. Zanzibar malaria imepungua sana kwa zaidi ya miaka 15 sasa, hata wanaokutwa na vijidudu vyake ni chini ya mmoja katika kila watu 100. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Walakini maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa mwili wake haukuizoea malaria. Mwenziwe wa Ifakara akiumwa na mbu huenda akapata homa ya siku mbili akaamka. Huyu wetu huanguka kama kuti.

Ndivyo ilivyokuwa. Kijana alikuwa akimwagilia miwa katika shamba moja karibu na Kiberege, mwezi wake wa kumi na nne kazini. Ijumaa jioni alirudi na baridi. Siku nne alikaa chumbani akinywa dawa ya mseto iliyonunuliwa duka la dawa, wala hakuimaliza kama ilivyopasa. Siku ya tano wenzake walimpakia bodaboda wakampeleka Ifakara hospitali. Akalazwa siku tatu. Alipotoka alipewa ED ya mapumziko ya siku tano, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Siku tano zikaisha, akarudi kazini siku ya kumi na tatu, bado macho yana njano, akidhani anakwenda kupewa pole.

Alipewa barua. Barua ilisema kwamba ametoroka kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu, basi ajira yake imekwisha.

Akatoa cheti mfukoni. Karani akakitazama, akasema kimechelewa, tena jina lililomo si la mfanyakazi wao. Na kweli, jina halikuwa lile la mkataba. Rafiki aliyemfikisha hospitali ndiye aliyeandikisha, na rafiki huyo alikuwa hamjui ila kwa jina lake la utani la kijiweni. Daktari akaandika alichoambiwa.

Kijana hakusema neno. Alifunga mzigo wake akarejea Pemba, akakaa kwa baba yake siku kadhaa bila ya kueleza kilichotokea, kwa haya. Siku mzee alipokuja ofisini kwetu na ile barua mkononi, tuliihesabu tarehe yake mara mbili: siku kumi na saba zilikuwa zimepita tangu ilipoandikwa. Kwa nini tulihesabu tutaeleza mbele.

SHERIA YASEMAJE

Wafanyakazi wa bara wanahukumiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Habari ya ugonjwa imo katika kifungu cha 32 kama sheria ilivyotungwa. Maneno yake si mengi, nasi twayaeleza kwa lugha yetu.

Mfanyakazi ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika muda wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara wake kamili. Siku 63 za pili hulipwa nusu. Miezi hiyo 36 haianzi Januari, wala haianzi siku aliyougua. Inaanza siku alipoanza kazi kwa mwajiri yule. Ikiisha, hesabu huanza upya.

Tuseme, kwa mfano, mtu analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Akiugua ugonjwa mrefu, miezi miwili na siku chache atapata mshahara wake kama kawaida. Akizidi hapo atapata 150,000 kwa mwezi, kwa muda mwingine kama ule. Akizidi na hapo, sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa chochote mpaka miezi 36 ikamilike. Hiyo haina maana kwamba siku ya 127 mtu anatupwa nje kama ganda la muhogo. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ugonjwa kuna utaratibu wake mwingine: lazima maoni ya kidaktari yatazamwe, mgonjwa mwenyewe asikilizwe, na kazi nyepesi itafutwe ikiwa ipo.

Sasa lile jambo lenyewe. Sheria yasema mwajiri halazimiki kumlipa mgonjwa ambaye hakuleta cheti cha daktari. Siku 63 zote na nusu zake zote zinaning'inia kwenye kipande kimoja cha karatasi. Tuliopita chuoni twakumbuka kwamba aya ndefu kupita zote katika Kurani ni ile inayohusu kuandikiana deni. Mshahara wa mgonjwa nao ni deni, na cheti ndiyo hati yake.

Nani anastahiki kuandika? Sheria yataja daktari aliyesajiliwa, au mtabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali. Na mwajiri hana ruhusa ya kumkataa mtabibu bila ya sababu ya maana. Hili lina faida kubwa vijijini, ambako zahanati nyingi zinaendeshwa na matabibu na wauguzi wala hakuna daktari mwenye shahada. Kijana aulize mapema, siku za uzima wake: hapa kazini mnakubali cheti cha zahanati ya kijiji, au mpaka hospitali? Mashamba mengine makubwa yana zahanati yao wenyewe, na mengine humpa mgonjwa karatasi maalumu aende nayo kwa daktari ijazwe kule. Ikiwa utaratibu uko hivyo, aufuate.

Muuza duka la dawa haandiki cheti, hata akiwa amemponya mtu. Mganga wa kienyeji ana sheria yake na usajili wake, lakini si daktari katika maneno ya kifungu hiki, labda mwajiri amkubali mwenyewe, na sisi hatujamwona mwajiri wa namna hiyo. Hatusemi haya kuwadharau waganga wetu. Mtu aende atakako kutafuta uzima, ila mshahara aufuate hospitali.

Na chama chetu pia hakiandiki. Twalisema hili kwa kuwa mwaka jana mwanachama mmoja alikuja ofisini akitaka tumpigie muhuri wa Chama karatasi ya kusema mwanawe ni mgonjwa, apate kuituma bara. Tulipomkatalia alikasirika: "Muhuri si muhuri?" Tulicheka naye, tukampa chai, lakini muhuri hatukuupiga. Muhuri wetu unashuhudia karafuu.

Yupo pia mtu anayeuziwa ED na vijana wa mitaani, yenye muhuri uliochongwa. Huyo amejitia katika kosa la kughushi, ambalo ni jinai, tena amempa mwajiri sababu nzuri kuliko zote ya kumfukuza. Hospitali zina madaftari. Mwajiri akipeleka swali, jawabu hurudi.

WENYE MKATABA WA MSIMU

Kuna maneno yanayoenea kwa vijana kwamba mtu wa msimu, aliyeajiriwa kwa ajili ya kukata miwa tu, hana likizo ya ugonjwa. Si kweli. Ni kweli kwamba sheria inamtaka mfanyakazi awe ametimiza miezi sita ndipo apate likizo zenye malipo. Lakini sheria hiyo hiyo imemtoa mfanyakazi wa msimu katika sharti hilo: yeye anazo. Na yule anayeitwa akaachwa, akaitwa tena na mwajiri yule yule, akiwa siku zake za mwaka ule zikijumlishwa zinapita miezi sita, naye anazo. Kwa hiyo kijana atunze kila kikaratasi cha malipo cha kila msimu, hata kilicholowa. Ndivyo tunavyotunza stakabadhi za karafuu.

KARATASI YENYEWE

Tumeona vyeti vingi tangu kisa hiki kitokee, kwa kuwa wanachama waliposikia walituletea vya watoto wao tuvitazame. Vingine vimeandikwa mstari mmoja: "Fulani anaumwa, apumzike." Cheti cha namna hiyo kinamtia mgonjwa taabuni zaidi ya kumsaidia. Jina liwe lile lile la kwenye mkataba, yote matatu, kwa tahajia ile ile. Ndiyo maana kitambulisho kisiachwe chumbani mgonjwa anapochukuliwa. Tarehe aliyoonwa na daktari iwepo. Siku za mapumziko zitajwe kwa tarehe, kuanzia siku fulani hadi siku fulani, maana "siku tano" peke yake huzaa ubishi kama siku ya kwanza inahesabiwa au haihesabiwi. Kisha jina la daktari lisomeke, cheo chake, sahihi, na muhuri wa kituo. Na namba ya jalada la mgonjwa ikiandikwa pembeni ni bora zaidi. Hii ndiyo iliyomwokoa kijana wetu.

Jina la ugonjwa wengi huuliza kama lazima litajwe. Kazi ya cheti ni kusema kwamba mtu huyu hawezi kazi, na kwa muda gani. Habari nyingine ni siri baina ya mgonjwa na daktari wake. Mwenye ugonjwa asiotaka usomwe na kila karani amwambie daktari hivyo kabla hajaandika. Madaktari wanalielewa jambo hili.

Daktari huandika alichokiona. Hawezi kushuhudia siku ambazo mgonjwa hakuwa mbele yake, na akikataa kuandika siku za nyuma asilaumiwe. Zile siku nne za kijana wetu za chumbani zilipotea hapo. Angekwenda kupimwa Jumamosi ile ile, damu kidogo tu kidoleni, asingepoteza hata moja, na huenda asingelazwa kabisa.

KUFIKISHA HABARI

Jambo lililomwangusha kijana zaidi ni ukimya wake. Mwajiri kwa siku kumi na mbili hakusikia neno. Msimamizi aliuliza, wenzake wakasema "anaumwa", basi. Katika utaratibu wa kazi wa bara uliotangazwa 2007, kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Mwajiri asiyejua lolote atahesabu siku hizo, na hatuwezi kusema amefanya ajabu. Alilokosea, kwa maoni yetu, ni kuandika barua bila ya kumwita mtu na kumsikiliza, na kukataa kukitazama cheti kilipokuja.

Dawa yake ni nyepesi. Siku ya kwanza ya kuugua, mgonjwa au mwenziwe ampigie simu msimamizi, kisha amwandikie ujumbe wa maneno ili ubaki. Siku ya kupata cheti, kipigwe picha kwa simu kitumwe siku ile ile, hata kama mgonjwa bado yu kitandani. Cheti chenyewe kipelekwe na mwenzake, na ofisi itie sahihi na tarehe kwenye nakala kwamba imepokea. Asiitoe karatasi ya asili akabaki mikono mitupu. Siku za mapumziko zikikaribia kwisha naye bado hajapata nguvu, arudi kwa daktari kabla hazijaisha. Asijiongezee.

Walioumia kazini hesabu yao ni nyingine. Mtu aliyejikata panga akikata miwa, au aliyeangukiwa na mzigo, huyo anahusika na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi Julai 2015. Amwarifu mwajiri siku ile ile, ahakikishe imeandikwa, na kila karatasi ya hospitali aitunze. Somo lake tutaliandika mbali, Mungu akipenda.

TULIVYOKWENDA

Turudi kwenye zile siku kumi na saba. Anayesema ameachishwa kazi pasipo haki, bara, ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama ya mshahara uliokatwa, yana siku 60. Akichelewa huweza kuomba asikilizwe, lakini itambidi kwanza aeleze sababu ya kuchelewa, na haya ya kumwambia baba si sababu ambayo tungependa kuisimamia mbele ya watu. Zilibaki kumi na tatu.

Sheria inamruhusu mtu kusindikizwa mbele ya Tume na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au wakili, au mtu aliyemchagua mwenyewe. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, TPAWU, kipo, lakini kijana hakuwa amejiunga. Basi mzee akatutazama, nasi hatukuweza kusema hapana. Tukavuka, watatu. Siku ya ishirini tulikuwa Morogoro kwenye ofisi ya Tume. Hatukutozwa ada. Tulipewa fomu tukaambiwa kwamba nakala lazima apewe kwanza mwajiri, na tulete ushahidi kwamba ameipokea, ndipo wao waipokee. Hatukuwa tumelijua hilo. Lau tungelikuja siku ya ishirini na tisa, pangeharibika.

Tukapanda basi la Ifakara. Barabara ya Kidatu, ambayo zamani ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, sasa imetiwa lami. Tulipita Kiberege bila ya kushuka, tukafika kwanza hospitali Ifakara na kitambulisho cha kijana. Mtunza majalada aliifuata ile namba iliyokuwa pembeni ya cheti, akakuta umri, simu, na kijiji. Daktari akaandika cheti kipya chenye jina sahihi, na tarehe za kulazwa na za kupumzika. Mambo yote yalichukua asubuhi moja. Kisha tukarudi Kiberege, tukampa mwajiri fomu, karani yule yule akaipigia muhuri nakala yetu. Hakukuwa na maneno makali. Alitupa maji ya kunywa. Siku ya ishirini na nne fomu ilikuwa Morogoro.

Tume huanza kwa usuluhishi. Mnakaa meza moja, msuluhishi katikati, kila mmoja anasema lake. Mwakilishi wa shamba alivisoma vyeti viwili, cha zamani na kipya, akauliza swali moja tu: kwa nini hakupiga simu? Kijana akajibu kwamba simu iliisha chaji, na alipopata nguvu aliona haya kwa kuwa siku zilikwisha kuwa nyingi. Nadhani jawabu hilo lilisaidia kwa kuwa halikuwa na urembo.

Walipatana hivi: arudi kazini, barua ifutwe, siku nane zenye cheti zilipwe kamili, na zile nne za chumbani zisilipwe, tena apewe onyo la maandishi kwa kutotoa habari. Baba yake alitaka kubishania zile nne. Tulimzuia kwa kumshika goti chini ya meza. Mapatano yalitiwa sahihi, na mapatano ya namna hiyo yana nguvu ya kisheria, si maneno ya barazani. Katika hesabu yake kijana sasa amebakiwa na siku 118, na kati ya hizo 55 ni za mshahara kamili, mpaka miezi yake 36 itimie.

Nauli za watu watatu kwenda na kurudi, na malazi, zilizidi mbali ule mshahara wa siku nane. Twaliandika hili ili asiwepo mwanachama wa kudhani kwamba kufuatilia ni jambo rahisi. Kilichookolewa ni kazi.

KWINGINEKO NA KWETU

Wale wenye watoto nchi nyingine wasichukue hesabu hizi wakazipeleka huko. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya 2007, mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka, wala si zaidi, labda mkataba wake uongeze. Nako pia cheti ni sharti. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, sheria mpya ya kazi ya 2023 inafika siku 182 kwa mwaka, lakini mshahara unateremka daraja baada ya daraja. Uingereza mgonjwa huaminiwa kwa kauli yake mwenyewe siku saba za mwanzo, ndipo aulizwe karatasi. Tulipowasomea jambo hilo wazee wa barazani walidhani tunawatania.

Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Ile ya bara haivuki bahari, na ya kwetu haimfuati kijana Kiberege. Kwa hiyo mwanachama akija kuuliza, swali letu la kwanza litakuwa: anafanya kazi upande gani?

Na hapa tutasema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Sisi nasi ni waajiri. Kila msimu tunao wachumaji mitini, tunao wapalilia, na baadhi yetu tunao watu wa mwaka mzima. Msimu uliopita mwanachama mmoja, aliyekuwa wa kwanza kulaani shamba lile la Kiberege hapa ofisini, alimkata mpalilia wake siku tatu za homa ilhali mtu ameleta cheti cha kituo cha afya chenye muhuri. Tulimwonyesha gazeti letu kabla halijachapwa. Alisoma mpaka hapa, akanyamaza, akasema atatafakari. Mpalilia ametuambia juzi kwamba siku mbili amelipwa, na ya tatu ameahidiwa baada ya mauzo.

Wenye vijana Kilombero wanaotaka kuandikiwa barua ya kuwapelekea maelezo haya, waje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya adhuhuri, wakiwa na jina kamili la kijana kama lilivyo katika mkataba, na tarehe aliyoanza kazi. Tunayo pia nakala ya cheti kile cha pili cha Ifakara, jina limefutwa, kwa anayetaka kuona cheti kilichoandikwa vizuri kinavyokuwa.

Katibu wa Chama